Mfamasia mbele ya kanali na profesa: kazi ya dawa katika hospitali ya jeshi na ya chuo kikuu

Lubumbashi ina hospitali za kila aina: za serikali, za madhehebu, za makampuni ya migodi na za watu binafsi. Mbili miongoni mwake, hospitali ya jeshi iliyoko Ruashi na Kliniki za Chuo Kikuu cha Lubumbashi, zinafanana kwa jambo ambalo mgonjwa aliye kwenye foleni halioni upesi, nalo ni kwamba zote mbili zinaendeshwa kwa vyeo. Katika ya kwanza cheo huvaliwa begani. Katika ya pili hutangulia jina, kuanzia mwanafunzi aliye kwenye mazoezi ya kazi, akapanda msaidizi, hadi profesa ambaye wodi nzima husimama anapoingia. Mfamasia hufanya kazi yake katikati ya ngazi hizo, na sehemu nyeti zaidi ya kazi hiyo ni kumwomba mtu aliye juu yake asubiri kidogo, kwa sababu dawa aliyoiandika au aliyoiamuru haifai kutoka kama ilivyo. Anayetaka kuelewa kwa nini hospitali hizi zinahitaji wafamasia waliosomea kazi yao, na si watunza ghala peke yao, inafaa aanzie hapo.

Kutoa dawa dirishani ni hatua fupi tu ya kazi ndefu. Kabla kidonge hakijafika dirishani, kuna aliyeamua kwamba dawa hiyo iwemo katika orodha ya hospitali na nyingine ya jamii hiyohiyo isiwemo. Akakadiria kiasi kitakachotosha. Akaagiza, akapokea, akakagua maboksi na namba za matoleo. Akahifadhi kila kitu katika joto linalokifaa. Kisha akasoma cheti cha daktari na kukilinganisha na umri, uzito, magonjwa mengine na dawa nyingine za mgonjwa. Dawa ikishatolewa, kazi haijaisha, kwa kuwa lazima mtu ajue kama imefanya lililokusudiwa au imeleta madhara. Yote hayo yako chini ya saini ya mfamasia. Ndiyo maana nchini Kongo taaluma hii ina Baraza lake la kitaifa, lililoundwa mwaka 1991, na soko la dawa lina mamlaka yake ya udhibiti, ACOREP, huku sheria namba 18/035 ya tarehe 13 Desemba 2018 ikiweka misingi ya afya ya umma pamoja na shughuli za dawa. Mfamasia wa hospitali basi ana wakuu wawili kila siku: mkurugenzi wa nyumba anamofanya kazi, na taaluma aliyoiapia kiapo cha Galeni, ambacho ndicho kiapo cha wafamasia.

Kusoma cheti

Tuchukue cheti kimoja tukitazame kwa karibu. Mzee wa miaka 70, mwenye kilo 50, amelazwa kwa maambukizi makali, na daktari ameandika jentamisini, antibiotiki ya sindano, kwa dozi ya kawaida ya mtu mzima, mara moja kwa siku kwa siku saba. Hakuna kosa la mwandiko, dawa ipo ghalani, na bei yake ni nafuu. Lakini jentamisini hutoka mwilini kupitia figo, na figo zikiwa dhaifu dawa hujikusanya, ikazidi kuziumiza na kuharibu masikio, pengine bila kurudi. Mfamasia anatafuta jibu la maabara na kukuta kreatinini, taka ya damuni ambayo figo nzima huitoa, ni miligramu 2.0 kwa desilita. Namba hiyo peke yake haimwambii mengi, ila kuna kanuni iliyochapishwa mwaka 1976, inayojulikana kwa majina ya Cockcroft na Gault: toa umri kutoka 140, zidisha kwa uzito, kisha gawanya kwa 72 mara kreatinini, kwa mwanamke matokeo huzidishwa kwa 0.85. Kwa mzee wetu, 70 mara 50 ni 3,500, nazo zikigawanywa kwa 144 zinabaki kama 24. Figo zake zinasafisha takriban mililita 24 za damu kwa dakika, ilhali kijana mwenye afya huvuka 90. Dozi ya kila siku iliyoandikwa kwenye cheti ingemfaa huyo kijana. Kwa mzee huyu ingekuwa sumu ya polepole.

Sasa mfamasia ana mambo mawili ya kufanya, na la pili ndilo gumu. La kwanza ni la kitaalamu: kupendekeza dozi zitenganishwe kwa muda mrefu zaidi huku kreatinini ikipimwa tena, au dawa nyingine isiyotegemea figo kiasi hicho. La pili ni kulisema mbele ya aliyeandika. Katika wodi ya chuo kikuu aliyeandika anaweza kuwa profesa aliyemfundisha mfamasia huyo darasani. "Profesa, naomba tuangalie kreatinini ya leo asubuhi kabla dozi ya pili haijatolewa," ni sentensi fupi, ila kijana anayeitamka mbele ya wanafunzi ishirini anahitaji kujua kwamba hospitali imempa haki ya kuitamka. Nimewasikia watu wenye nia njema wakisema kwamba heshima yetu ya kimila hairuhusu mdogo kumkosoa mkubwa. Mimi naona heshima hiyohiyo ndiyo inayotoa njia, kwa kuwa mtu hapingi, anaomba jambo litazamwe pamoja, na mkubwa mwenye hekima hushukuru.

Kumweka mfamasia wodini, badala ya kumfungia ghalani, ni jambo lenye historia fupi kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1966, katika hospitali ya Chuo Kikuu cha California mjini San Francisco, wafamasia walipandishwa ghorofa ya tisa wakawa karibu na wagonjwa wa upasuaji, usiku na mchana, wakizungumza na madaktari na wauguzi papo hapo. Mradi huo ni miongoni mwa chimbuko la kile kinachoitwa leo famasia ya kliniki. Ulionyesha kwamba makosa mengi ya dawa hayaonekani kutoka dirishani, kwa sababu cheti hakisemi kwamba mgonjwa hawezi kumeza, kwamba ana mimba ya miezi miwili, au kwamba mama yake humpa dawa za mitishamba kila jioni.

Baadhi ya makosa hutokea hata cheti kikiwa sahihi kabisa. Atesuneti ya sindano, dawa inayotumika kwa malaria kali, ni mfano ambao kila muuguzi wa Lubumbashi anaujua. Umuhimu wake hauna shaka: utafiti wa AQUAMAT, uliochapishwa mwaka 2010 na kuhusisha watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika, Kongo ikiwa mojawapo, ulionyesha kwamba waliotibiwa kwa kwinini walikufa kwa asilimia 10.9 na waliotibiwa kwa atesuneti kwa asilimia 8.5. Lakini dawa hiyo huja kama unga wa miligramu 60 katika kichupa kidogo. Kwanza unga huyeyushwa kwa mililita moja ya bikabonati ya sodiamu inayoletwa pamoja nao, kichupa kinatikiswa hadi maji yawe angavu. Kisha, kama itadungwa kwenye mshipa, huongezwa mililita 5 za maji ya chumvi au ya glukosi, na kila mililita inakuwa na miligramu 10. Ikiwa itadungwa kwenye msuli huongezwa mililita 2 tu, na kila mililita inakuwa na miligramu 20. Mtoto wa kilo 15 anahitaji miligramu 45, yaani miligramu 3 kwa kila kilo kwa walio chini ya kilo 20. Kwenye mshipa hizo ni mililita 4.5, kwenye msuli ni 2.25. Mtu aliyechanganya kwa njia ya mshipa halafu akavuta ujazo wa msuli amempa mtoto nusu ya dozi, na kwenye kadi itaandikwa kwamba dawa ilitolewa. Mchanganyiko wenyewe usikae zaidi ya saa moja. Karatasi yenye vipimo hivi, iliyoandikwa na mfamasia kwa herufi kubwa na kubandikwa kwenye meza ambapo sindano hutayarishwa, ni kazi ya famasi kamili, ingawa hakuna anayeihesabu.

Dawa zinazosubiri

Hospitali ya jeshi hutibu malaria, kuhara na uzazi kama hospitali nyingine yoyote, kwa kuwa wengi wanaopita mlangoni ni wake na watoto wa askari pamoja na majirani wa mtaa. Tofauti yake iko katika wajibu wa kuwa tayari. Famasi ya kawaida hupanga kwa kutazama miezi iliyopita. Famasi ya jeshi inapaswa pia kupanga kwa ajili ya siku ambayo haijafika, ambapo majeruhi thelathini wataletwa kwa saa moja. Hapo ndipo panapozaliwa utata wa akiba ya dharura: dawa zilizowekwa kando zisiguswe, wakati muda wake wa matumizi unakwenda. Akiba isiyoguswa itaoza kimyakimya, na akiba inayoguswa ovyo haitakuwepo siku ya haja. Suluhisho linalotumika katika majeshi yenye mpangilio ni mzunguko: dawa za akiba zikikaribia mwisho wa muda wake hupelekwa kwenye wodi zinazozitumia kila siku, na dawa mpya za wodi hizo huchukua nafasi yake akibani. Hospitali ya jeshi isiyo na wagonjwa wa kutosha kuzimaliza inaweza kubadilishana na hospitali kubwa ya kiraia, na naamini kwamba makubaliano ya aina hiyo kati ya famasi za jeshi na za chuo kikuu katika mji mmoja yangeokoa dawa nyingi zinazoishia kuchomwa.

Mahali pa kuweka dawa nako ni uamuzi wa kitaalamu. Asidi traneksamiki huzuia damu iliyokwisha kuganda isivunjwevunjwe, hivyo hupunguza kuvuja. Utafiti wa CRASH-2, uliochapishwa mwaka 2010 baada ya kuwafuatilia majeruhi 20,211 katika nchi 40, ulionyesha kwamba dawa hiyo hupunguza vifo. Uchambuzi uliofuata ukaonyesha kwamba faida iko kwa wanaoipata ndani ya saa tatu tangu kujeruhiwa, na kwamba ikichelewa zaidi ya hapo vifo vya kuvuja damu huongezeka badala ya kupungua. Mfamasia akisoma matokeo hayo anajua mara moja kwamba ampuli zilizofungiwa katika ghala kuu, ambalo ufunguo wake yuko nao mtu aliyelala nyumbani, hazina maana. Zinapaswa kuwa kwenye gari la wagonjwa na kwenye chumba cha kupokelea majeruhi, gramu moja kwa dakika kumi kisha gramu nyingine kwa saa nane, na saa ya kujeruhiwa iandikwe kwenye kadi ya kila majeruhi. Dawa hii haihitaji friji, jambo linaloifanya ifae zaidi mahali ambapo umeme hukatika.

Ketamini ina hadithi inayofanana na hiyo. Ilitengenezwa mwaka 1962, ikatumika kwa askari wa Marekani katika vita vya Vietnam, na tangu 1985 imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Inamlaza majeruhi bila kushusha shinikizo la damu na kwa kawaida bila kuzima pumzi yake, kwa hiyo daktari wa upasuaji anaweza kufanya kazi hata pasipo mashine kubwa za usingizi. Mofini, ambayo hutuliza maumivu vizuri zaidi baada ya upasuaji, iko chini ya Mkataba wa Pamoja wa mwaka 1961 kuhusu dawa za kulevya, na hapo kazi ya mfamasia inagusa hesabu za kimataifa: kila nchi hupeleka makadirio yake ya mwaka kwa Bodi ya Kimataifa ya Udhibiti iliyoko Vienna, na makadirio hayo yanategemea taarifa zinazotoka hospitalini. Hospitali isiyoandika mofini iliyotumia inachangia nchi kuomba kidogo mwaka unaofuata. Kwa hiyo lile daftari kubwa la dawa za kulevya, lenye mstari kwa kila ampuli, jina la mgonjwa, saini ya aliyetoa na ya aliyepokea, na ampuli tupu zinazorudishwa zikahesabiwe, linalinda pande mbili. Linazuia dawa isiuzwe mtaani, na linamhakikishia mgonjwa wa kesho kwamba atapata nafuu ya maumivu.

Daftari hilo ndilo linalokutana na cheo ana kwa ana. Ofisa mwenye nyota nyingi akituma askari kuchukua tramadoli, dawa kali ya maumivu, bila cheti, mfamasia mwenye cheo cha luteni yuko katika hali ambayo mwenzake wa kiraia haijui. Jeshini amri hutekelezwa. Lakini mamlaka ya kamanda juu ya mfamasia yanahusu mahali atakapofanya kazi, saa, usafiri na nidhamu. Hayahusu dozi, wala hayafuti ulazima wa cheti cha tiba. Sheria za vita zenyewe zinaunga mkono mpaka huo. Mkataba wa kwanza wa Geneva wa mwaka 1949, ambao Kongo imefungwa nao tangu 1961, unasema katika ibara ya 12 kwamba ni sababu za dharura za kitabibu tu zinazoweza kumtanguliza mgonjwa mmoja mbele ya mwingine. Cheo hakimo. Wala upande aliopigania hauhesabiwi, kwa kuwa majeruhi wa adui aliyetekwa hupewa antibiotiki ileile anayopewa askari wa nyumbani. Ibara ya 24 inawalinda watumishi wa afya wa jeshi wanaofanya kazi hiyo peke yake, pamoja na wanaosimamia vitengo vya tiba, na mfamasia yumo. Ulinzi huo unamdai naye: ghala lake lisigeuzwe kuwa mahali pa kuficha kitu kingine chochote.

Mvutano huu una umri mrefu. Antoine Parmentier, mfamasia wa jeshi la Ufaransa ambaye wengi wanamkumbuka kwa kutetea viazi kama chakula cha watu, aliteuliwa mwaka 1772 kuwa mfamasia mkuu wa Invalides, nyumba ya askari wazee na vilema mjini Paris. Watawa waliokuwa wakiendesha famasi ya nyumba hiyo hawakukubali kuwa chini yake, na mwishowe aliachiwa mshahara na makao bila kuachiwa kazi.

Nyumba inayofundisha

Katika Kliniki za Chuo Kikuu mzigo ni mwingine. Huko hufika wagonjwa walioshindikana kwingine, na kila mgonjwa ni pia somo. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina Kitivo cha Sayansi za Dawa, hivyo mfamasia wa hospitali yake hutarajiwa kutibu, kufundisha na kutafiti kwa wakati mmoja. Kazi tatu hizo hugombania saa zilezile, na kwa maoni yangu inayodhurika kwanza ni ile ya kufundisha kando ya kitanda, kwa sababu haina tarehe ya mwisho wala daftari.

Chombo kikuu cha mfamasia katika hospitali ya aina hii ni kamati ya dawa na tiba, ambamo madaktari, wauguzi, maabara na famasi hukaa meza moja kuamua dawa zipi ziwemo katika orodha ya hospitali. Inaonekana kuwa kazi ya makaratasi, lakini ndipo palipo na nguvu ya kweli. Tangu 1977 Shirika la Afya Duniani hutoa orodha ya mfano ya dawa muhimu, na mwaka 2017 liligawa antibiotiki katika makundi matatu: zinazopaswa kupatikana kwa wote, zinazohitaji kuangaliwa, na zile za akiba. Amoksisilini na jentamisini ziko kundi la kwanza. Seftriaksoni iko kundi la pili, ingawa mtu akipita katika wodi nyingi za miji yetu atadhani ni ya kwanza, kwa jinsi inavyoandikwa kwa kila homa. Umoja wa Mataifa ulikubaliana mwaka 2024 kwamba ifikapo 2030 angalau asilimia 70 ya antibiotiki zinazotumiwa na binadamu zitoke kundi la kwanza. Lengo hilo halitafikiwa kwa kuwakemea wauguzi. Litafikiwa pale ambapo kamati itaandika kwamba seftriaksoni haitoki famasini bila sababu kuandikwa kwenye cheti, na mkuu wa idara akakubali kufungwa na kanuni hiyo kama stajiere wake, yaani mwanafunzi wa mazoezi.

Pale ambapo kiwanda hakijatengeneza kinachohitajika, famasi ya chuo kikuu hutengeneza. Ugonjwa wa seli mundu umeenea sana Kongo, na haidroksiyurea ni dawa inayopunguza machungu yake. Kapsuli inayopatikana kwa kawaida ni ya miligramu 500. Mtoto wa kilo 12 akiandikiwa miligramu 20 kwa kila kilo anahitaji 240, na mama hawezi kufungua kapsuli jikoni na kugawa unga kwa kijiko, kwa kuwa unga huo huathiri seli zinazogawanyika na haupaswi kuguswa wala kuvutwa puani. Mfamasia ndiye anayevaa glovu na barakoa, akapima kwa mizani ya maabara, akatengeneza kapsuli ndogo au maji ya kunywa yenye kipimo kinachojulikana, akaandika tarehe ya mwisho, kisha akakumbusha kwamba damu ya mtoto ipimwe kabla ya dozi kuongezwa. Mfano mwingine ni dawa ya kusugua mikono yenye alkoholi. Kanuni ya Shirika la Afya Duniani ni ya wazi: kwa lita 10, mililita 8,333 za ethanoli ya asilimia 96, mililita 417 za peroksidi ya haidrojeni ya asilimia 3, mililita 145 za gliserini, halafu maji yaliyochemshwa na kupoa hadi kujaza. Baada ya hapo vyombo hukaa saa 72 kabla ya kutumika, ili mbegu za vijidudu zilizoweza kuwemo zife. Chimbuko la kanuni hiyo ni hospitali za Uswisi, ambako mfamasia William Griffiths aliitengeneza. Ni jambo la kutia moyo kwamba kilichoanza kwenye maabara ya famasi ya hospitali sasa kinatengenezwa popote palipo na alkoholi safi na mtu anayejua kupima.

Katika majaribio ya dawa mpya mfamasia ana nafasi ambayo hata daktari mtafiti hana: ndiye anayejua mgonjwa yupi anapata dawa na yupi anapata ya kulinganishia, na ndiye anayetunza siri hiyo. Akiivujisha hata kwa profesa anayeongoza utafiti, matokeo yote yanapoteza thamani.

Hesabu, joto na dawa bandia

Hospitali zote mbili zinakula kwenye mkondo mmoja wa ugavi. Kongo imejenga mfumo wa vituo vya mikoa vinavyosambaza dawa muhimu. Lubumbashi ina CAMELU, kama Goma ilivyo na ASRAMES, na shehena nyingi za Katanga huja kwa malori kutoka bandari za kusini na Dar es Salaam, zikipita Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia. Safari ikiwa ndefu kiasi hicho, hesabu mbaya hulipwa baada ya miezi. Tuseme hospitali imetumia vichupa 2,400 vya seftriaksoni kwa miezi sita, na miezi miwili kati ya hiyo ghala lilikuwa tupu. Mtunza ghala atagawa kwa sita na kupata 400 kwa mwezi. Mfamasia atagawa kwa minne, kwa kuwa miezi miwili hakuna aliyeweza kutumia kisichokuwepo, naye atapata 600. Shehena ikichukua miezi mitatu kufika, wa kwanza ataagiza 1,200 na wa pili 1,800, na pengo hilo la vichupa 600 ni mwezi mzima ambao ndugu wa wagonjwa watatumwa kununua dawa mjini kwa bei yoyote watakayoikuta. Kila upungufu usiosahihishwa kwenye hesabu huzaa upungufu unaofuata. Kadi ya stoki, karatasi iliyochakaa inayoning'inia kwenye rafu, isipoandika siku ambazo dawa haikuwepo imeficha habari muhimu kuliko zote.

Kwa joto maelezo ni mafupi. Oksitosini, insulini na chanjo hukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Mwezi wa Oktoba, joto la Lubumbashi likiwa kali na umeme ukikatika, friji isiyo na chanzo cha pili cha nguvu ni kabati tu. Oksitosini iliyopata joto mara kwa mara haibadiliki rangi. Mama aliyejifungua huendelea kuvuja damu baada ya sindano, na mkunga hulaumiwa.

Dawa bandia zinastahili maneno zaidi. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati bidhaa moja kati ya kumi za tiba ni duni au ya uongo. Kongo ina ushahidi wake wenyewe. Kuanzia mwishoni mwa 2014 na kuendelea mwaka 2015, huko Ituri, mamia ya watu, wengi wao watoto, walifikishwa hospitalini shingo zimepinda, macho yamegeuka juu na misuli ya uso imekaza. Mwanzoni ilidhaniwa kuwa homa ya uti wa mgongo. Uchunguzi wa maabara ulionyesha kwamba vidonge vilivyouzwa kama diazepamu vilikuwa na haloperidoli, dawa ya magonjwa ya akili ambayo ikizidi huleta mikazo hiyo hasa. Tukio hilo linafundisha kitu mahususi kuhusu kazi ya mfamasia: wagonjwa kumi wenye dalili za aina moja zisizoeleweka wanapaswa kumfanya mtu aulize swali moja mapema, walikuwa wanameza nini? Kwa sababu hiyo kuna mfumo wa kufuatilia madhara ya dawa, wenye kituo cha kitaifa Kinshasa ambacho hupeleka taarifa kwenye hifadhi ya kimataifa iliyoko Uppsala, nchini Uswidi. Fomu ya taarifa inaulizia namba ya toleo la dawa. Famasi isiyoandika namba hizo wakati wa kupokea na kutoa haiwezi kuijaza, na toleo bovu likigunduliwa haiwezi kujua wodi gani zimelipata. Hospitali ya chuo kikuu, yenye maabara na wakemia karibu, inaweza kupima sampuli zinazotiliwa shaka. Hospitali ya jeshi, ambayo dawa zake huweza kugawanywa kwenye vikosi vilivyotawanyika, inahitaji upimaji huo kuliko yeyote, kwa kuwa kurudisha boksi kutoka kambi ya mbali huchukua siku nyingi.

Haki iliyoandikwa

Yote yaliyoelezwa hapo juu yanategemea mfamasia kuweza kusimamisha dawa, na uwezo huo hautokani na ujasiri wa mtu mmoja. Hutokana na karatasi. Hospitali inayotaka wafamasia wake wafanye kazi huandika mambo ambayo mfamasia anaweza kubadilisha bila kuuliza, kwa mfano kumpa mgonjwa dawa ileile yenye jina jingine la kibiashara. Mambo ambayo lazima ampigie simu aliyeandika, kama dozi inayozidi kiwango au dawa mbili zinazopingana. Na mambo ambayo dawa haitoki hata akiamuru nani, kama kloridi ya potasiamu iliyokolea ambayo haijachanganywa na maji ya dripu, kwa kuwa ikidungwa hivyo husimamisha moyo. Karatasi hiyo husainiwa na mkurugenzi wa tiba, na jeshini na mkuu wa hospitali, ili luteni anapokataa asiwe anakataa kwa jina lake.

Kinachofuata ni daftari la maingilio, ambalo hospitali nyingi hazina bado. Kila mara mfamasia anapoomba cheti kibadilishwe huandika mstari mmoja: tarehe, dawa, tatizo, pendekezo, na kama lilikubaliwa. Majina ya madaktari hayaandikwi, ili daftari lisigeuke faili la mashtaka. Mwisho wa mwezi kamati ya dawa na tiba hulisoma, na kama jentamisini kwa wagonjwa wa figo imejitokeza mara nyingi, wodi husika hupata somo la nusu saa na maabara huombwa itoe kreatinini kabla ya dozi ya pili. Mwanafunzi aliyeanza mazoezi ya kazi wiki hiyo huketi pembeni, akaona profesa akisoma mstari unaohusu cheti chake mwenyewe na kutikisa kichwa kukubali.